Yom Kippur: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Siku ya Upatanisho

Kila Septemba inapokaribia, maswali huanza. Jirani anauliza, mwenzako kazini anauliza, na kijana anayefunga kwa mara ya kwanza anauliza kuliko wote. Mimi nimefunga Yom Kippur hapa Nairobi tangu nilipotimiza miaka 12, umri ambao msichana wa Kiyahudi huanza kuwajibika, na nimeyajibu maswali haya jikoni, ndani ya matatu na mlangoni mwa sinagogi. Utaona nimekaa zaidi kwenye sehemu ya kuombana radhi. Watu wengi huuliza habari za njaa, lakini njaa ndiyo sehemu nyepesi ya siku hii.

## Mambo ya msingi

Yom Kippur ni siku gani?

Ni Siku ya Upatanisho, tarehe 10 ya mwezi wa Tishri katika kalenda ya Kiyahudi, na ndiyo siku takatifu kuliko zote katika mwaka wetu. Asili yake ni Torati. Sura ya 16 ya Mambo ya Walawi inaeleza kazi ya Kuhani Mkuu siku hiyo, na sura ya 23 inawaamuru watu wasifanye kazi yoyote na wazitese nafsi zao. Mapokeo yanasema ndiyo siku Musa aliyoshuka mlimani na mbao za pili za mawe, baada ya kuzivunja zile za kwanza kwa sababu ya ndama wa dhahabu. Kwa hiyo tangu mwanzo hii ni siku ya watu waliokosa wakapewa nafasi nyingine.

Hekalu lilipokuwa limesimama Yerusalemu, Kuhani Mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu siku hii tu. Mbuzi wawili walipigiwa kura: mmoja alitolewa sadaka, na wa pili, wa Azazeli, alipelekwa nyikani. Warumi walilibomoa Hekalu mwaka 70. Tangu hapo hakuna mbuzi wala kuhani wa kuingia kwa niaba yetu. Tumebaki na maombi, saumu na toba.

Huangukia tarehe gani?

Miezi yetu hufuata mwezi wa angani, lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi mzima ili sikukuu zisihame majira. Ndiyo maana Yom Kippur haizunguki mwaka kama Ramadhani. Hubaki Septemba au Oktoba, siku kumi tangu mwaka mpya wetu, Rosh Hashana, unapoanza.

Mwaka 2026 ni kuanzia jioni ya Jumapili 20 Septemba hadi usiku wa Jumatatu 21. Mwaka 2027 ni jioni ya Jumapili 10 Oktoba hadi usiku wa Jumatatu 11. Mwaka 2028 ni jioni ya Ijumaa 29 Septemba hadi usiku wa Jumamosi 30. Kalenda imepangwa ili siku hii isiangukie kamwe Ijumaa wala Jumapili, kusudi isipakane na Sabato. Siku mbili mfululizo bila kupika wala kuzika zingekuwa mzigo mzito.

Mbona inaanza jioni ya siku iliyotangulia?

Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa hili. Kwa wazee wa Mombasa na Unguja, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi, kwa kuwa siku mpya huingia jua likitua. Kwetu ni vilevile. Saumu huanza kabla jua halijazama na huisha nyota zinapoonekana kesho yake, yapata saa 25 kwa jumla.

Hapa Nairobi jua la majira hayo hutua saa 12 na dakika ishirini na kitu jioni, na kwa kuwa tuko jirani na ikweta giza huingia upesi. Ndugu zetu walioko Ulaya husubiri nyota kwa muda mrefu zaidi.

Je, ni siku ya msiba?

Hapana. Tunayo saumu nyingine ya usiku na mchana, Tisha B'Av, ambayo ni ya kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu, na hiyo ndiyo ya msiba. Yom Kippur ni nzito lakini ina matumaini. Tunavaa nyeupe, na hata pazia la sanduku la Torati hubadilishwa kuwa jeupe. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inasimulia kwamba zamani mabinti wa Yerusalemu walitoka siku hii wakiwa na nguo nyeupe za kuazima, ili asiaibike yule asiye na nguo, wakacheza ngoma kwenye mashamba ya mizabibu. Mimi huikumbuka habari hiyo kila ninapopiga pasi gauni langu jeupe.

## Kufunga kwenyewe

Ni mambo gani yanakatazwa?

Ni matano: kula na kunywa (hata maji), kuoga au kunawa kwa kujiburudisha, kujipaka mafuta, kuvaa viatu vya ngozi, na tendo la ndoa. Juu ya hayo kuna makatazo yote ya Sabato: hakuna kupika, kuwasha moto, kuendesha gari, kuandika wala kushika simu.

Kwa nini viatu vya ngozi?

Kiatu cha ngozi kilihesabiwa kuwa starehe, na siku hii tunajinyima starehe. Ndiyo sababu utamwona mwanamume aliyevaa suti safi akiwa na raba za kitambaa au kandambili. Si kukosa adabu. Mshipi wa ngozi hauna neno, kilichokatazwa ni viatu.

Naweza kupiga mswaki au kunawa uso?

Kwa kawaida hatupigi mswaki. Asubuhi, na baada ya kutoka msalani, tunanawa vidole tu hadi kwenye maungio yanayovishika kwenye kiganja. Ukichafuka kwa tope au mtoto akikutapikia, osha pale palipochafuka. Kilichozuiwa ni kuoga kwa raha, si kuondoa uchafu.

Nile nini kabla ya kufunga?

Kwanza jua kwamba kula siku ya tarehe 9 ni amri, si ruhusa tu. Talmudi, maandiko ya marabi yanayoifafanua Mishna, inasema anayekula na kunywa tarehe 9 anahesabiwa kama aliyefunga tarehe 9 na 10. Kwa hiyo usijishindishe njaa mchana ukidhani unaongeza thawabu.

Hakuna daku. Chakula cha mwisho kinaliwa alasiri, kabla ya kwenda sinagogi. Kwetu nyumbani ni wali, kuku wa kuchemsha na mchuzi wake, viazi na tikitimaji, chumvi kidogo na pilipili hakuna. Kunywa maji mchana kutwa, si kuyabugia dakika za mwisho. Na kama wewe ni mtu wa chai ya rangi au kahawa, ipunguze siku tatu nne kabla, maana kichwa kinachouma mchana wa Yom Kippur mara nyingi kinalilia kahawa, si chakula.

Ni kweli kuna kuku anayezungushwa kichwani?

Wapo wanaofanya hivyo siku za kabla ya Yom Kippur, na kuku huchinjwa akapewa maskini. Wengi siku hizi hufunga pesa kwenye kitambaa, wakazizungusha na kuzitoa sadaka. Marabi wakubwa waliipinga desturi ya kuku tangu zamani. Nyumbani kwetu tunatumia pesa.

## Toba na kuombana radhi

Nikifunga saa zote 25, nimesamehewa?

Jibu limo ndani ya Mishna na ndilo moyo wa siku nzima: makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu, Yom Kippur huyafuta, lakini makosa yaliyo kati ya mtu na mwenzake, Yom Kippur haiyafuti mpaka amridhishe mwenzake. Mungu hasamehe kwa niaba ya jirani yako. Unaweza kufunga hadi ukaanguka, ukalia hadi sauti ikakauka, na deni la mtu bado likabaki pale pale.

Mishna hiyo hiyo inamwonya anayesema, "Nitakosa, kisha Yom Kippur itanisafisha." Kwa mtu huyo Yom Kippur haisafishi.

Basi toba ni nini hasa?

Ni kuacha kosa, kulijutia, kulikiri kwa maneno, na kuazimia kutolirudia. Kama ulichukua kitu cha mtu, kirudishe kwanza. Maimonides, mwanazuoni wetu mkubwa wa zama za kati, aliandika kwamba toba kamili huonekana mtu anapokutana tena na jambo lile lile, nguvu na nafasi ya kulifanya anayo, na asilifanye.

Nianze lini kuomba radhi, na niseme nini?

Siku kumi kuanzia Rosh Hashana ni siku za toba, na wengi huanza mwezi mmoja kabla, mwezi wa Eluli. Usingoje jioni ya mwisho, wakati kila mtu anakimbilia bafuni na jikoni.

Sema kosa lenyewe. Ujumbe unaotumwa kwa watu mia mbili, "kama nimekukosea kwa lolote nisamehe," haumgharimu anayeutuma na haumponyi anayeupokea. Mama yangu alikuwa na njia yake. Mwaka mmoja alikuwa amegombana na mama anayetuuzia mboga kwa sababu ya chenji, akamwita mwizi mbele ya watu. Baadaye noti ilionekana ndani ya pochi. Siku mbili kabla ya Yom Kippur alinishika mkono tukaenda sokoni asubuhi, saa ya watu wengi, si jioni. Akasimama mbele ya meza ya sukuma wiki akasema, "Dada, nilikuita mwizi hapa hapa na watu walisikia. Pesa nilikuwa nazo mimi. Niwie radhi." Yule mama alinyamaza akipanga mafungu yake, kisha akasema, "Yameisha, mama." Nilikuwa na miaka 9. Nilielewa kwa nini hatukwenda jioni: lililosemwa hadharani lilirudishwa hadharani.

Akikataa kunisamehe?

Rudi tena. Desturi ni kwenda hadi mara tatu, na kila mara unaweza kwenda na watu watatu wa kukuombea, kama wazee wanavyotumwa kusuluhisha ugomvi wa nyumba. Akikataa mara zote tatu, wewe umetimiza wajibu wako, na sasa ni yeye anayebeba kosa la kuwa na moyo mgumu. Mkosewa naye ana wajibu: asiwe mkatili mbele ya anayeomba kwa kweli.

Hili halimlazimishi mtu aliyepigwa au kudhulumiwa kumpokea mdhalimu asiyejuta wala kubadilika. Wajibu wa kusamehe unakuja baada ya radhi ya kweli na malipo, hautangulii.

Niliyemkosea ameshafariki.

Sheria imemfikiria mtu huyo. Aliyekosa huenda na watu kumi hadi kaburini, husimama na kusema kwamba amemkosea Mungu wa Israeli na marehemu fulani, na kutaja kosa. Kama ni mali, huwarudishia warithi. Asiyeweza kufika kaburini hupata ushauri wa rabi wake.

Nilimsengenya mtu naye hajui. Nimwambie?

Wanazuoni wamehitilafiana. Wapo wanaosema lazima umwendee. Wengine wanasema ukimfunulia jeraha ambalo hakuwa nalo, umemkosea mara ya pili kwa ajili ya kujitua mzigo wako. Mimi naegemea upande wa pili yanapokuwa maneno yaliyopita na kufa. Kama maneno bado yanatembea na kumharibia jina, wafuate wale uliowaambia na uyakanushe.

## Ndani ya sinagogi

Kol Nidre ni nini?

Ni maneno ya Kiaramu yanayosomwa mara tatu mwanzoni kabisa, kabla jua halijatua, kuomba kufunguliwa nadhiri. Hayamfungui mtu na ahadi zake kwa watu wengine, wala mikataba wala viapo vya mahakamani. Yanahusu nadhiri kati ya mtu na Mungu. Ndiyo jioni pekee ya mwaka ambayo waabudu huvaa shali ya maombi ambayo kwa kawaida ni ya mchana. Kabla ya kutoka nyumbani wazazi huwabariki watoto na kuwasha mishumaa, pamoja na mshumaa wa saa 24 kwa ajili ya marehemu wa nyumba.

Mbona mnakiri makosa ambayo hamkuyafanya?

Maungamo yetu yote husemwa kwa "sisi": tumekosa, tumesaliti, tumeiba. Yamepangwa kwa alfabeti, na kwa kila neno tunajigonga kifua taratibu kwa ngumi. Mtu mmoja hakufanya yote, lakini jamii ilifanya, na aliyeiba hataachwa ajiungamie peke yake huku wengine wakimtazama.

Mchana kutwa mnasoma nini?

Asubuhi ni Walawi 16, kisha Isaya 57 na 58, ambako nabii anawakemea wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao, na kusema saumu anayoitaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Inasomwa wakati matumbo yameanza kulalamika, na sidhani ni bahati tu. Alasiri tunasoma kitabu kizima cha Yona, habari za mji wa Ninawi uliotubu ukaachiliwa, na nabii aliyekasirika kwa sababu hiyo.

Mwisho wake ukoje?

Sala ya tano, Neila, maana yake kufunga milango. Sanduku la Torati huachwa wazi na wanaoweza husimama muda wote. Midomo imekauka, watoto wamerudishwa ndani, na sauti zilizokuwa zimechoka saa nane hupanda tena bila mtu kuambiwa. Husemwa Shema, tamko letu la kwamba Mungu ni mmoja, kisha mara saba, "Bwana ndiye Mungu," na shofari, pembe ya kondoo dume, hupigwa mlio mmoja mrefu. Baada yake kuna kimya kifupi, kama cha watu waliotua mzigo kwa pamoja. Nyumbani tunafuturu kwa chai na mkate, na wenye bidii hupigilia usiku huo huo nguzo ya kwanza ya kibanda cha Sukkot, sikukuu inayofuata siku tano baadaye.

## Afya na hali ngumu

Mgonjwa afunge?

Uhai unatangulia. Ambaye saumu itahatarisha maisha yake haruhusiwi tu kula, anaamriwa kula. Talmudi inakwenda mbali zaidi: mgonjwa akisema anahitaji chakula na madaktari wakasema hahitaji, anasikilizwa mgonjwa, kwa sababu moyo unayajua machungu yake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1848, kipindupindu kilipoingia Vilna (leo Vilnius, Lithuania), Rabi Israel Salanter aliwataka watu wale siku ya Yom Kippur.

Mwenye kisukari, figo au moyo, na anayetumia dawa za kila siku, azungumze na daktari na rabi wiki kadhaa kabla. Usiache dawa kwa hiari yako. Ipo njia ya kati kwa baadhi ya wagonjwa: kula chini ya mililita 30 za chakula, au kunywa maji yasiyofikia kiasi cha kujaza shavu moja, kisha kungoja kama dakika 9 kabla ya kurudia. Aliyeambiwa ale kawaida, ale kawaida na asijilaumu.

Mjamzito na anayenyonyesha?

Kwa asili hufunga kama hakuna tatizo, lakini hali hubadilika mtu kwa mtu. Kizunguzungu, maumivu, mtoto kupunguza kucheza, au maziwa kukatika: kunywa maji mara moja na umtafute daktari. Aliyejifungua ndani ya siku tatu hafungi kabisa. Mengine ni kama jibu lililotangulia.

Watoto?

Msichana huwajibika akifikisha miaka 12, mvulana 13. Kuanzia kama miaka 9 huzoezwa kwa kuchelewesha kifungua kinywa saa moja mbili. Mdogo zaidi ya hapo apewe uji wake bila mjadala.

Nimesahau nikala.

Acha hapo hapo na uendelee kufunga. Saumu haijaharibika kiasi cha kuiacha.

Ikiangukia Sabato?

Tunafunga vilevile, kama itakavyokuwa 2028. Saumu nyingine za kawaida husogezwa ili Sabato isivunjwe kwa njaa, hii haisogezwi.

## Kutoka kwa majirani

Nimwambie nini rafiki Myahudi?

"Saumu njema" inatosha kabisa. Kwa Kiebrania husemwa "Gmar hatima tova", yaani uandikwe na kutiwa muhuri kwa mema. Usimpigie simu siku yenyewe, hatapokea.

Ina uhusiano na Ashura?

Hadithi za Kiislamu zinasimulia kwamba Mtume Muhammad aliwakuta Wayahudi wa Madina wakifunga siku ya Ashura kwa kukumbuka kuokolewa kwa Musa. Ashura ni tarehe 10 Muharram, Yom Kippur ni tarehe 10 Tishri, na wanahistoria wengi huziona kuwa ndugu. Kwa maana ya leo ni siku mbili tofauti: sisi hatufungi kwa ajili ya Firauni na bahari, tunafunga kwa ajili ya makosa yetu.

Afrika Mashariki na jirani zake wapo wanaoifunga?

Wapo. Jumuiya ya Nairobi ilianza mwaka 1904. Uganda, kwenye vilima vya Mbale, Abayudaya wameishika imani hii tangu chifu Semei Kakungulu alipoipokea mwaka 1919, na waliivusha katika utawala wa Idi Amin ulioipiga marufuku. Lubumbashi kuna sinagogi la mwaka 1930, lililojengwa na jumuiya ambayo wengi wake walitoka kisiwa cha Rhodes. Wayahudi wa Ethiopia nao wana Sigd, sikukuu yao ya saumu na maombi, siku 50 baada ya Yom Kippur.

Asiye Myahudi anaweza kuja?

Mara nyingi ndiyo, lakini uulize kabla, maana masinagogi mengi huhitaji majina mapema kwa ajili ya usalama. Vaa nguo za heshima, acha simu na chakula nyumbani. Hulazimiki kufunga.

Nimekumbuka katikati ya saumu mtu ambaye sikumwomba radhi. Nifanyeje?

Akiwa sinagogi humo humo, mfuate wakati wa mapumziko ya alasiri. Nimewaona wazee wawili wasiosalimiana tangu Pasaka wakikutana katikati ya viti, mmoja akiwa na raba za mjukuu wake zinazombana. Akiwa mbali, usivunje siku kwa kushika simu. Mtaje katika maombi, maliza saumu, na nyota zikionekana mpigie yeye kwanza. Mwaka mmoja mama alimkumbuka shangazi yangu wa Kisumu wakati wa Neila. Tulipofika nyumbani aliketi pale sebuleni na shali bado mabegani, akapiga simu kabla hajagusa maji, na walizungumza mpaka chai yake ikapoa.